Miezi 14 ngozi safi: nimepona au ugonjwa umelala tu?

#1 Jani Kavu
Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja.

Nina soriasisi, huu mwaka wa 11. Ilianza kwenye viwiko, ikapanda kichwani, ikashuka magotini, na kuna kipindi mgongo mzima ulikuwa magamba meupe kama chokaa inayobanduka ukutani. Nimepaka, nimemeza, nimepigwa mwanga. Halafu mwaka jana, bila kubadilisha chochote ninachokikumbuka, ikaanza kufifia yenyewe. Leo ni miezi 14 sina gamba hata moja.

Dada yangu anasema nimepona, nishukuru na niache kuuzungumzia. Daktari aliniangalia, akaandika neno moja kwenye faili: umetulia. Nikamuuliza kama kutulia ndiyo kupona, akacheka, akasema nirudi mwakani.

Sasa nawauliza wenye magonjwa ya ngozi ya muda mrefu, yoyote yale: lako lilidumu miaka mingapi, liliondoka, na mtu anaruhusiwa lini kusema "nimepona"? Tajeni jina la ugonjwa tafadhali. "Nilikuwa na vipele" haitatufikisha popote.

#2 Nyuki Mkali
Natia nanga hapa. Ukurutu, tangu sijaota meno. Siku nikipona nitaleta taarifa, ila mtakuwa mmeshazeeka wote.

#3 Mama Pacha
Pole Jani. Mimi nina ushahidi wa nyumba moja. Watoto wangu pacha walianza pumu ya ngozi, yaani ukurutu, wote wawili kabla ya kutimiza miezi sita. Mashavu yanatoa maji, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imechubuka. Wa kwanza ilimwachia alipofika miaka minne na haijarudi. Wa pili ana miaka tisa, bado anajikuna usiku mpaka shuka lina damu. Maji yale yale, sabuni ile ile, mama yule yule. Watu wakiniambia "wakikua itaisha" huwa nawauliza: yupi?

#4 Mzee wa Mizizi
Ni damu hiyo. Ngozi ni mlango wa kutolea uchafu wa ndani. Wa kwanza kautoa wote, wa pili bado anao. Na ukiuzuia kwa krimu unaufungia ndani, unageuka pumu ya kifua. Nimewaona watoto wengi kwa macho yangu: ngozi inatulia, kifua kinabana.

#5 Zamu ya Usiku
@Mzee wa Mizizi, ulichokiona ni kweli, ulichokihitimisha ndiyo tatizo. Ni muuguzi, nimekaa kliniki ya ngozi miaka kadhaa. Mwili wenye asili ya mzio mara nyingi huanza na ngozi utotoni, kisha kifua, kisha pua. Ni maua ya mti mmoja yanayochanua kwa zamu. Krimu haijafukuza kitu ngozini kikakimbilia kwenye mapafu, na mtoto aliyeachwa bila kupakwa hakingwi na pumu kwa sababu hiyo.

Kuhusu kwa nini mmoja na si mwingine: mwaka 2006 watafiti walionyesha kuwa baadhi ya wenye ukurutu wana hitilafu kwenye jeni la protini inayoitwa filagrini. Hiyo ndiyo inayosaidia tabaka la juu la ngozi lishikamane na litunze maji. Ikipungua, ukuta unavuja: unyevu unatoka, vichokozi vinaingia. Si wagonjwa wote wanayo hitilafu hiyo, lakini inaeleza mengi.

Mama Pacha, hao pacha wanafanana?

Kuhusu muda: wengi huanza kabla ya miaka mitano, na sehemu kubwa hupata nafuu kabla ya kubalehe. Ila tulizoea kuwaambia wazazi "itaisha" kwa uhakika kuliko tulivyostahili. Aliyeanza mapema sana, kwa ukali, na ana pumu juu yake, huwa unamng'ang'ania zaidi. Na kuna wale ambao ukurutu huwapotea miaka mingi, halafu mtu akiajiriwa kazi ya kushika maji na sabuni kutwa, unarudi mikononi.

#6 Mama Pacha
Hawafanani hata kucha. Wa kiume na wa kike.

#7 Nyuki Mkali
Kwa hiyo mimi nimejengwa bila saruji. Nilijua tu kuna mkandarasi alikula hela.

#8 Zamu ya Usiku
😀 Ndiyo maana mafuta ya mgando unapaka hata siku ambayo huwashwi. Ukuta haungojei mvua ndiyo upigwe lipu.

#9 Ramani
Nimekuja na mbalanga, yaani vitiligo. Miaka saba. Mwaka wa kwanza ilienea haraka: kope, pembe za mdomo, vidole, vifundo vya miguu. Kisha ikasimama yenyewe miaka miwili, haiendi mbele wala nyuma. Nikaanza tiba ya mwanga mara tatu kwa wiki. Mwezi wa nne nikaona usoni vidoti vyeusi vidogo kama mtu amenidonoa kwa kalamu. Kila kidoti kilikuwa kwenye shina la unywele. Nikaelezwa kuwa akiba ya chembe za rangi hukaa kwenye mashina ya nywele, ndiyo maana rangi hutokea hapo ikasambaa hadi vidoti vikaungana. Uso wangu leo ukiniona hujui.

Vidole? Vyeupe vilevile. Ncha za vidole hazina nywele, rangi itoke wapi?

Sasa Jani nijibu wewe: nimepona uso, sijapona mikono? Kuna kupona kwa mafungu?

#10 Mpita Njia
Samahani kwa kuuliza, hivi mbalanga ikikaa sana si ndiyo inageuka ukoma? Kwetu tuliambiwa hivyo.

#11 Ramani
Nilikuwa nakusubiri wewe. Kila mahali hukosekani.

#12 Zamu ya Usiku
Haigeuki, @Mpita Njia. Ni magonjwa mawili yasiyojuana. Mbalanga ni kinga ya mwili kushambulia chembe zinazotengeneza rangi, haiambukizi kwa njia yoyote. Ukoma ni bakteria, aligunduliwa na Hansen mwaka 1873. Baka la ukoma kwa kawaida halifiki weupe wa karatasi, linakuwa limepauka au lina wekundu wa shaba, na mara nyingi limekufa ganzi: ukiligusa kwa pamba mtu amefumba macho, hajui umegusa wapi. Baka la mbalanga linasikia kila kitu. Ukiona baka lenye ganzi usikae nalo, nenda kapimwe.

Na ukoma unatibika. Mchanganyiko wa dawa, miezi 6 au 12 kulingana na aina. Ubaya ni kuchelewa, kwa sababu mshipa wa fahamu ulioharibika huenda usirudi hata kama bakteria wamekwisha.

#13 Ramani
Yaani ugonjwa ambao watu wanaukimbia ndio unaopona kabisa kwa mwaka mmoja, na wangu ambao haumuui mtu wala hauambukizi, naambiwa "tutaona".

#14 Kiherehere
Ramani usisikitike, hata Michael Jackson alikuwa nao. Alisema mwenyewe kwenye mahojiano na Oprah Winfrey mwaka 1993 na watu hawakumwamini, wakasema anajichubua. Uchunguzi wa mwili baada ya kufariki ulithibitisha.

#15 Ramani
Asante, ila ningependa kufanana naye kwenye miguu ya kucheza, si kwenye vidole.

#16 Siku Nne
Naomba kutoa ushuhuda wangu hata kama mtanicheka. Nilikuwa na duara moja linawasha kwenye paja. Rafiki akanipa krimu yake. Siku nne, kimya! Nikamwambia kila mtu nimepona. Baada ya wiki mbili likarudi. Nikapaka, kimya. Nikaacha, likarudi na ndugu zake. Hivyo miezi minane. Mwisho nilikuwa na madoa kuanzia goti hadi kiunoni, hayana tena umbo la duara, hata aliyenipima mara ya kwanza hakulitambua. Akakwangua kidogo akaangalia kwenye hadubini: fangasi. Choa cha kawaida kabisa! Krimu ilikuwa ya steroidi, ilikuwa inatuliza muwasho huku fangasi akila kwa nafasi. Kutibiwa sawasawa kulichukua wiki kadhaa tu. Miezi minane yote ile niliita "ugonjwa sugu" kumbe sugu nilikuwa mimi.

#17 Mzee wa Mizizi
Ndiyo hayo ninayosema. Krimu ni sumu.

#18 Nyuki Mkali
Hapana mzee, hapo tutagombana. Mimi niliziogopa krimu hizo kwa kusikiliza maneno kama yako, nikawa napaka kidogo kama manukato, siku mbili naacha, siku tatu naacha. Ukurutu haukutulia hata wiki. Baadaye nikafundishwa kipimo: kamua mstari mmoja kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza. Huo unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Paka kama ulivyoelekezwa hadi patulie, kisha punguza. Kwenye uso na mikunjo nyepesi, kwenye viganja nzito. Ngozi yangu haijayeyuka.

Kosa la Siku Nne ni kutibu asichokijua kwa dawa ya mtu mwingine.

#19 Siku Nne
Nimekubali. Nilijiita Siku Nne kama adhabu.

#20 Zamu ya Usiku
Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Ile nzito ikipakwa usoni miezi na miezi inakondesha ngozi, inaleta mishipa na vipele, na wapo wanaopata shida kubwa wakiacha ghafla. Na kwa mwenye soriasisi kama Jani, vidonge vya steroidi ndivyo vya kuogopwa zaidi: ukiviacha, unaweza kulipuka kwa aina ya usaha inayomlaza mtu wodini. Lakini ukurutu usiotibiwa nao haumwachi mtu salama, muulizeni Mama Pacha analala saa ngapi.

#21 Mama Pacha
Silali.

#22 Bibi Mabaka
Wanangu, mimi nilikuwa na urtikaria. Mabaka yaliyovimba kama nimechapwa na upupu. Baka moja halikai hata siku nzima, linafutika hapa linaota pale, asubuhi kwenye tumbo, jioni mgongoni, mdomo umevimba naogopa kutoka. Ikipita wiki sita wanaiita sugu. Yangu ilipita miaka mitatu.

Nilitafuta mzio wangu kama mtu anayetafuta sindano gizani. Niliacha vyakula karibu vyote, nikabadilisha sabuni, nikatupa mto, nikamfukuza paka. Maskini paka. Kisha daktari mmoja akaniambia kwamba kwa wengi wa aina hii hapapatikani kitu cha nje, ni mwili wenyewe unawasha moto, na wengi huwaishia ndani ya mwaka mmoja hadi mitano. Akanipa vidonge vya mzio visivyolevya, akapandisha dozi pole pole. Siku moja nikagundua nimesahau kunywa kwa wiki nzima na sina baka. Ikaisha hivyo. Mwaka wa tisa huu.

#23 Mzee wa Mizizi
Bi mkubwa shikamoo. Wiki ile ulikuwa unakunywa nini?

#24 Bibi Mabaka
Marahaba. Hilo ndilo swali wanaloniuliza wote! Wiki ile jirani alikuwa ameniletea majani fulani, kuna mtu alikuwa ananiombea, na mimi nilikuwa nimenunua godoro jipya. Wote watatu wanadai walinitibu. Godoro tu ndilo halijatuma salamu.

#25 Mtahiniwa
Mnasahau mawazo. Ukurutu wangu una kalenda: wiki mbili kabla ya mtihani unaamka, mtihani ukiisha unalala. Sihitaji jeni wala filagrini kunieleza.

#26 Jani Kavu
@Mtahiniwa na mimi niliamini hivyo, hadi nikajiuliza kipi kinaanza. Nikiwa na magamba nina mawazo kwa sababu nina magamba. Na miezi hii 14 ndiyo niliyofiwa na kuhamishwa kazi. Kama ni mawazo, ningekuwa mamba saa hizi.

#27 Mtahiniwa
Basi wewe una soriasisi, mimi nina ukurutu. Usinichanganyie mafaili.

#28 Shajara
Kwangu mimi lawama ilikuwa ya dawa ya presha. Nina miaka 57, sijawahi kuumwa ngozi, miezi michache baada ya kuanza kidonge cha kundi la beta-bloka nikatoka magamba viwiko vyote. Daktari alikubali kwamba dawa hizo zinaweza kuamsha soriasisi kwa mwenye asili nayo, na lithiamu (dawa ya maradhi ya akili) na dawa za jamii ya klorokwini nazo zimo kwenye orodha. Alinibadilishia. Imepungua, haijaisha. Msije mkaacha dawa ya presha wenyewe kwa sababu yangu, tafadhali.

#29 Koo
Nimesoma uzi wote nikasema nisipite kimya. Soriasisi ya matone. Nilikuwa na miaka 19, koo likaniuma vibaya, wiki tatu baadaye nikaamka nimejaa vidoti vyenye magamba kifuani na mgongoni, kama nimenyunyiziwa. Nilidhani ndiyo maisha yangu yamekwisha. Miezi mitatu vikaondoka vyote. Mwaka wa 12 sasa. Jani, mimi husema nimepona, tena kwa sauti.

#30 Jani Kavu
Hongera, na nina wivu. Lakini yako haijarudi hata mara moja, na yangu ilishawahi kwenda likizo ya miezi mitano.

#31 Zamu ya Usiku
Koo ana haki zaidi kuliko Jani, ingawa wapo wenye matone ambao baadaye hupata ile ya mabaka. Ya matone huchochewa mara nyingi na bakteria wa koo, na kwa wengine huisha moja kwa moja. Ile ya mabaka ina tabia nyingine. Ngozi yenye afya huchukua kama mwezi kutengeneza chembe na kuzipandisha juu. Kwenye baka la soriasisi safari hiyo ni siku chache tu, ndiyo magamba yanarundikana. Ukitulia, mwendo unarudi wa kawaida na ngozi inaonekana safi. Lakini kuna chembe za kinga zenye kumbukumbu zinazobaki pale pale zilipokuwa zinapigana. Ndiyo maana likirudi, linapenda kurudi sehemu ile ile.

#32 Kiherehere
Na mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kuhusu soriasisi: sugu, haiambukizi, inauma, na haina tiba ya kuiondoa. Mjadala ufungwe.

#33 Jani Kavu
Azimio halijaona viwiko vyangu.

#34 Kalamu ya Mkaa
Tatizo la uzi huu ni lugha. Kupona na kupoa zimeachana herufi moja tu. Jani umepoa. Koo amepona. Bibi Mabaka amepona. Ramani amepoa uso. Siku Nne hakuwahi kuumwa anachodhani.

#35 Nyuki Mkali
Na mimi?

#36 Kalamu ya Mkaa
Wewe bado uko jikoni.

#37 Ramani
Pingamizi. Kitu kikipoa kinabaki kimepoa mpaka mtu akikipashe. Huu unajipasha wenyewe. Sema umelala.

#38 Sindano
Na sisi wa soriasisi tunaochoma sindano za kibayolojia, zile zinazozuia sehemu ya kinga ya mwili, mtatuweka wapi? Ngozi yangu ni safi kuliko ya mtoto, mwaka wa pili. Nilijaribu kuacha nikidhani nimepona. Miezi minne, kichwani pakaanza. Nimerudi kwenye sindano, pakasafika tena. Sijapoa wala sijalala, nimeshikwa mkono.

#39 Doa
Mimi yangu haikuwa sugu ila madoa yake ndiyo sugu. Pitiriasisi rosea: baka moja kubwa kwanza, wiki moja baadaye madogo kiwiliwili kizima. Nikaambiwa wiki sita hadi nane, na kweli zikaisha. Madoa meusi yakabaki mwaka na zaidi. Kila anayeniona bila shati anauliza "bado unaumwa?" Kwa ngozi nyeusi ugonjwa unaondoka, kivuli chake kinabaki kinalipa kodi.

#40 Mpita Njia
Hiyo pitiriasisi haigeuki mbalanga?

#41 Ramani
Jamani mtoeni huyu.

#42 Jani Kavu
Wakuu, naufukua uzi. Imepita miezi minane tangu niuanzishe, kwa hiyo hesabu ilifika 22. Juzi naoga, kidole kikapita kwenye kiwiko cha kushoto kikakwaruza. Baka dogo, la ukubwa wa kifungo cha shati. Pale pale ilipoanzia mara ya kwanza.

#43 Nyuki Mkali
Karibu nyumbani, tumekuwekea kiti.

#44 Koo
Pole sana. Umepaka?

#45 Jani Kavu
Nimepaka, kipimo cha Nyuki, mstari nusu. Sijamwambia dada. Navaa mikono mirefu na ananiuliza kama nina homa.

#46 Kalamu ya Mkaa
Miezi 22 lakini. Uliitumia?

#47 Jani Kavu
Nilijifunza kuogelea.

#48 Mama Pacha
Pole Jani. Na mimi niseme kidogo nikiwa hapa. Huyu wangu wa pili, leo usiku wa 11 amelala mpaka asubuhi bila kujikuna. Shuka ni jeupe. Sijamwambia mtu ila ninyi, na sitaki mtu yeyote aandike lile neno hapa.

#49 Zamu ya Usiku
Hatuandiki. Endelea na mafuta.